Mwenyeheri Anuarite: Binti wa Wamba Aliyekataa Kuchukuliwa kwa Nguvu

Kila mwaka, tarehe 1 Desemba, Mama Kanisa humkumbuka Mwenyeheri Maria Klementina Anuarite Nengapeta, bikira na shahidi. Kwa waamini wengi wa Tanzania jina hilo si geni. Limepewa kwaya, jumuiya na shule, na wapenzi wa nyimbo za Kanisa hulijua hasa kwa kwaya ya Makuburi, Dar es Salaam, ambayo nyimbo zake zimefika hadi vijiji vya Usukuma. Hata hivyo, ukiuliza Anuarite alikuwa nani, wengi watakujibu kwamba alikuwa sista wa Kongo aliyeuawa kwa sababu ya kuulinda ubikira wake. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni fupi mno. Linamwacha nje mama yake aliyefukuzwa katika ndoa. Linawaacha nje pia watawa wenzake waliokuwa naye usiku ule wa mwisho, na mkuu wao aliyekataa kumwacha peke yake mikononi mwa wenye silaha.

Sikukuu yake huangukia ndani ya zile Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, zinazoanza tarehe 25 Novemba na kumalizika tarehe 10 Desemba. Tarehe hizo hazikupangwa kwa ajili yake. Yeye aliuawa miaka mingi kabla kampeni hiyo haijaanza. Lakini sisi waamini wa Shinyanga, Kahama na Geita tunayo sababu ya kuzitazama pamoja. Hapa kwetu binti bado anaweza kuozwa kabla hajamaliza shule. Mwanamke aliyetoka mbali kuja kutafuta riziki machimboni bado anaweza kushambuliwa usiku, na asubuhi akaulizwa yeye alifuata nini huko. Maisha ya Anuarite yana neno la kutuambia.

Nyumba ya mabinti sita

Anuarite alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939 huko Wamba, kaskazini-mashariki mwa Kongo, nchi iliyokuwa bado chini ya utawala wa Wabelgiji. Wazazi wake, Amisi na Isude, walikuwa Wabudu. Yeye alikuwa mtoto wa nne katika nyumba iliyojaliwa mabinti sita.

Wamba ni nchi ya msitu mnene, watu wake wakiwa wakulima. Lakini ukanda ule wa Kongo una dhahabu pia. Mashariki yake iko migodi ya Kilo na Moto, iliyoanza kuchimbwa mwanzoni mwa karne ya 20, karibu wakati uleule ambapo Wajerumani walikuwa wameigundua dhahabu ya Geita. Kwa hiyo Anuarite alikua katika eneo ambalo sisi tungelitambua upesi: ardhi yenye utajiri, na juu yake watu wanaohangaika na maisha. Jina alilopewa alipozaliwa, Nengapeta, lina maana ya kwamba mali hudanganya. Mtu anayeishi jirani na mgodi hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 1943 alibatizwa, yeye pamoja na mama yake, akapewa jina la Alfonsina. Jina la Anuarite lilikuwa la dada yake. Alipopelekwa shule aliandikishwa kwa jina la dada huyo kwa makosa, na kosa hilo halikusahihishwa tena. Maana ya Anuarite ni mtu anayecheka vita.

Amisi, baba yake, alitaka mtoto wa kiume. Miaka ilipopita bila kumpata, alimwacha Isude na kuoa mwanamke mwingine. Leo wataalamu wanatufundisha kwamba mbegu ya baba ndiyo inayoamua kama mtoto atakuwa wa kike au wa kiume; Isude hakuwa na kosa lolote. Lakini katika nyakati zile, kama ilivyo bado katika familia kadhaa za kwetu, mzigo wa kukosa mtoto wa kiume alitwishwa mama. Akabaki na mabinti zake, bila mume, akitegemea jembe na mikono yake mwenyewe.

Jambo hilo lilimwumiza sana Anuarite. Alikuwa mtoto mwepesi wa kuguswa, na aliyaona machozi ya mama yake kwa macho yake. Hata hivyo alimsamehe baba yake. Msamaha huo wa utotoni tuukumbuke, kwa sababu utarudi mwishoni mwa maisha yake, mahali ambapo kusamehe ni kugumu kuliko kote.

Msichana aliyepanda lori

Alisoma kwa masista wa misioni. Masomo hayakumwendea kwa urahisi, lakini hakukata tamaa, na baadaye alipata cheti cha ualimu. Alivutwa na maisha ya watawa aliowaona kila siku wakifundisha, wakiuguza na kusali. Akamweleza mama yake kwamba anataka kuwa mmoja wao. Isude akakataa. Mama aliyekwisha kuachwa na mume hakuwa tayari kumpoteza na binti.

Siku moja lori lilikuja kuwachukua wasichana waliokuwa wakienda kuanza malezi ya utawa huko Bafwabaka. Anuarite akapanda pamoja nao bila mama yake kujua. Isude alimtafuta, na alipopata habari za mahali alipo, mwisho wake alikubali.

Hatusemi kwamba watoto wawatoroke wazazi wao. Tunaona tu kwamba msichana wa kijijini, aliyezaliwa mahali ambapo binti hupangiwa maisha na wengine, alijua moyoni mwake anachoitiwa, akakichagua mwenyewe. Kanisa linafundisha kwamba wito wa utawa na wito wa ndoa vyote hudai hiari. Padre hawezi kupokea nadhiri za mtu aliyelazimishwa, wala hawezi kubariki ndoa ya mtu aliyelazimishwa.

Shirika alilojiunga nalo lilikuwa la watawa Waafrika, nalo hujulikana hadi leo kwa jina la Kiswahili: Jamaa Takatifu. Tarehe 5 Agosti 1959 aliweka nadhiri zake, akaitwa Sista Maria Klementina. Wazazi wake walihudhuria, na kwa furaha yao wakatoa zawadi ya mbuzi wawili kwa watawa. Katika nchi ambamo mifugo huenda kwa wazazi wa binti anapochukuliwa, siku ile wazazi ndio waliotoa. Hapakuwa na mtu aliyemnunua binti yao. Yeye alijitoa kwa Mungu kwa hiari.

Kazi za mikono yake

Miaka mitano iliyofuata haina matukio makubwa. Anuarite alitunza sakristia, alipika, alifundisha shule ya msingi, na aliwalea wasichana wa bweni. Kila mama anayesoma habari hii anazijua kazi hizo: kuamka kabla ya jua, kuwasha moto, kufua vitambaa vya altare, kusahihisha madaftari, kumtuliza mtoto anayelia usiku. Waliokaa naye walimkumbuka kama mtu wa kujitolea, aliyependa wenzake wafurahi, na ambaye hakungoja kutumwa palipokuwa na kazi. Katika daftari lake aliandika mara kwa mara nia yake ya kumpendeza Yesu peke yake.

Mama yake alikuja wakati fulani kumwomba arudi nyumbani aisaidie familia. Ombi hilo lilikuwa na uzito. Isude hakuwa mama mchoyo. Alikuwa mwanamke aliyeachwa, anayehitaji mikono ya kumsaidia kulima na kupata chakula. Anuarite hakurudi. Aliona kwamba ameshaweka ahadi mbele ya Mungu. Tukio hilo linatuonyesha kwamba hata watakatifu wamelazimika kuchagua kati ya mema mawili, na kwamba nyuma ya wito mmoja mara nyingi yupo mama mmoja ambaye jamii ingepaswa kumsaidia, nayo haikumsaidia.

Mwaka wa maasi

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na siku chache baadaye ikatumbukia katika machafuko. Mwaka 1964 waasi waliojiita Simba waliteka sehemu kubwa ya mashariki ya nchi, na mwezi Agosti mji wa Stanleyville, unaoitwa leo Kisangani, uliangukia mikononi mwao. Mwishoni mwa Novemba majeshi ya Wabelgiji yalishuka kwa ndege, kwanza Stanleyville tarehe 24, kisha Paulis, ambao leo ni Isiro, tarehe 26. Waliwaokoa mateka wengi wa kigeni, kisha wakaondoka. Wenyeji walibaki mikononi mwa waasi waliojaa hasira. Tarehe 26 hiyohiyo, huko Wamba, Askofu Joseph Wittebols wa jimbo hilo aliuawa.

Ndivyo ilivyo katika vita vingi. Wenye pasipoti na ndege huondolewa, na mwanamke wa kijijini hubaki.

Tarehe 29 Novemba lori la waasi lilifika Bafwabaka. Watawa waliambiwa kwamba wanapelekwa Wamba kwa usalama wao. Watu wapatao 46 wa nyumba ile walipakiwa, watawa pamoja na wasichana waliokuwa katika malezi. Njiani safari ikabadilishwa. Walilala Ibambi, na kesho yake walikutana na kanali mmoja wa waasi aliyeitwa Yuma Deo. Watawa walinyang'anywa rozari na misalaba yao, wakapelekwa Isiro.

Jambo hili nalo tunalijua. Ni mara ngapi binti wa kwetu amechukuliwa kijijini kwa ahadi ya kazi nzuri mjini au machimboni, na katikati ya safari mpango ukabadilika? Hila ya wale waasi bado inatumika: kwanza ahadi ya usalama, kisha safari isiyojulikana mwisho wake, na hatimaye kumvua mtu kila kitu kinachomkumbusha yeye ni nani.

Usiku wa Isiro

Jioni ya tarehe 30 Novemba, afisa mmoja aliyeitwa Kanali Ngalo alimwona Anuarite na kutaka awe mke wake. Hakumwuliza. Alichagua, kama mtu anavyochagua mbuzi mnadani. Watawa wengine wakaamriwa kwenda kulala katika nyumba nyingine, na Anuarite abaki.

Mama Leontina Kasima, mkuu wa watawa wale, alikataa kuondoka. Alitishiwa, naye akashikilia kwamba hawezi kumwacha mmoja wa watawa wake. Hakuwa na silaha wala mtu wa kumtetea. Alikuwa na nguvu moja tu, ya kubaki pale. Anuarite mwenyewe alieleza wazi kwamba amejitoa kwa Mungu na hawezi kuwa mke wa mtu.

Ngalo akamkabidhi suala hilo Kanali Pierre Olombe ili amlainishe. Olombe aliwarudisha Anuarite na mkuu wake kwa watawa wengine, waliokuwa wakila chakula kidogo walichopewa. Anuarite hakuweza kula. Alikuwa na hofu, na aliwaomba wenzake wamwombee. Tusimfanye Anuarite kuwa sanamu ya jiwe. Alikuwa msichana wa miaka 24, aliyeujua mwili wake na hatari iliyokuwa mbele yake, na alitetemeka.

Baadaye usiku Olombe aliamua kumchukua kwa ajili yake mwenyewe. Alimwamuru aingie ndani ya gari pamoja na mtawa mwingine, Sista Jean-Baptiste Bokuma. Wote wawili walikataa. Alipokwenda kutafuta funguo za gari walijaribu kukimbia, lakini walikamatwa. Olombe akaanza kuwapiga. Sista Bokuma alivunjwa mkono akaanguka na kuzimia. Anuarite alipigwa kwa kitako cha bunduki, naye kati ya mapigo alirudia kusema kwamba ni heri afe kuliko kutenda alichotakiwa. Alimwambia pia Olombe kwamba anamsamehe, kwa kuwa hajui atendalo.

Olombe aliwaita askari wake wamchome kwa singe, kisha akampiga risasi kwa bastola. Watawa waliubeba mwili wake ndani. Alikata roho yapata saa saba usiku, tarehe 1 Desemba 1964. Usiku ule haukuishia hapo. Watawa wengine waliendelea kupigwa na kuteswa.

Alizikwa kwanza katika kaburi la pamoja. Mwili wake ulipotafutwa baadaye, ulitambuliwa kwa sanamu ndogo ya Bikira Maria aliyokuwa nayo mfukoni. Leo masalia yake yamo katika kanisa kuu la Isiro.

Kanisa linasema nini juu ya kifo hiki

Tarehe 15 Agosti 1985, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, Papa Yohane Paulo II alimtangaza Anuarite kuwa Mwenyeheri, huko Kinshasa. Katika mahubiri yake alitamka msamaha kwa muuaji kwa niaba ya Kanisa lote. Siku iliyofuata aliendelea na safari yake hadi Nairobi kwa Kongamano la Ekaristi, kwa hiyo Wakristo wengi wa Afrika Mashariki walizipokea habari za Anuarite zikiwa bado mpya.

Hapa inatupasa kuwa waangalifu, kwa maana maisha ya shahidi huyu yanaweza kufundishwa vibaya kwa namna mbili.

Namna ya kwanza ni kumwambia mwanamke aliyebakwa, kwa maneno au kwa kumkazia macho, kwamba angekuwa kama Anuarite angekufa kuliko kukubali. Hayo si mafundisho ya Kanisa. Mtakatifu Agostino aliishughulikia hoja hiyo mwanzoni mwa kitabu chake cha Mji wa Mungu, alichokiandika baada ya Roma kutekwa mwaka 410. Wanawake wengi Wakristo walikuwa wametendewa jeuri katika mji ule, na wapagani wakawa wanawacheka. Agostino alifundisha kwamba usafi wa moyo unakaa katika utashi wa mtu, na kwamba jeuri ya mwingine haiwezi kuuondoa pale ambapo mtu mwenyewe hakuridhia. Aliwatetea wale waliobaki hai, wala hakuwadai kifo. Aibu yote ni ya mtenda jeuri.

Kwa hiyo Sista Bokuma aliyezimia, na watawa walioteswa hadi alfajiri na wakaishi, hawako chini ya Anuarite kwa heshima. Kanisa linamheshimu Anuarite kwa sababu alimpenda Mungu hadi mwisho na kumsamehe aliyemwua. Halimheshimu ili kuwahukumu walionusurika.

Namna ya pili ya kufundisha vibaya ni kuutumia msamaha wake kama kifuniko. Katika vijiji vyetu kesi ya ubakaji mara nyingi humalizwa nyumbani. Wazee hukaa, ng'ombe wawili watatu huhama kutoka zizi moja kwenda jingine, na binti huambiwa asamehe kama Mkristo. Lakini ng'ombe wale hawaendi kwake. Na aliyemdhuru hubaki huru kumtafuta mwingine. Anuarite hakusamehe kwa namna hiyo. Aliupinga uovu kwa nguvu zake zote, alikimbia alipoweza kukimbia, alilisema kosa waziwazi mbele ya mkosaji, na hapohapo akamsamehe. Msamaha wa Kikristo humtakia mkosaji wongofu. Haumfichi asipelekwe mbele ya sheria, wala haumnyimi aliyeumizwa haki yake.

Anuarite katika nchi ya dhahabu

Turudi sasa nyumbani. Katika utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2010, mkoa wa Shinyanga wa wakati ule uliongoza nchi nzima kwa ndoa za utotoni: karibu wanawake sita katika kila kumi wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Zipo pia desturi kama chagulaga, ambapo vijana humzunguka msichana njiani na kumlazimisha achague mmoja wao. Wengine huiita mchezo. Lakini msichana asiyeruhusiwa kusema simtaki yeyote hachezi. Yeye yuko karibu na Anuarite wa jioni ile ya Isiro kuliko tunavyopenda kukiri.

Sheria ya Kanisa iko wazi. Kanuni ya 1089 inasema kwamba hakuna ndoa kati ya mwanamume na mwanamke aliyetekwa au kuzuiliwa kwa nia ya kuolewa, mpaka mwanamke huyo awe ametengwa na mtekaji, mahali salama na huru, na achague mwenyewe kwa hiari. Kanuni ya 1103 inabatilisha ndoa iliyofungwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa itokayo nje. Sheria ya nchi nayo imesogea. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa idhini ya mahakama. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo.

Halafu wapo wanawake wa machimboni. Nyarugusu, Rwamgasa na Mwakitolyo, na popote panaposikika rashi mpya, wanawake huja kutoka mikoa ya mbali. Wengine waliachwa na waume kama Isude. Wengine ni wajane walionyang'anywa shamba. Wengine ni wasichana waliokimbia ndoa ya kulazimishwa. Huponda mawe kwa nyundo, huchekecha mabaki, huuza uji na wali kando ya maduara, na wengine huosha mchanga wenye zebaki kwa mikono mitupu huku mtoto yuko mgongoni. Hawana ndugu pale. Mwenye duara ndiye mwenye kauli, na mara nyingi bei ya kiroba cha mawe hudaiwa kwa njia nyingine isiyo fedha. Mwanamke huyo akidhulumiwa, hana baba wa kumsemea wala mwenyekiti anayemfahamu kwa jina.

Waamini wakifikiri juu ya Anuarite, wengi huwaombea mabinti zao wawe na moyo kama wake. Ni sala njema. Lakini Mungu hatuombi sisi tuwe tayari kuzika mashahidi wengine. Usiku wa Isiro alikuwapo mtu mwingine ambaye mfano wake uko ndani ya uwezo wetu: Mama Leontina, aliyeambiwa aondoke akabaki. Hakuweza kuzuia kifo. Lakini saa za kwanza za jioni ile, wakati mtu mmoja mwenye bunduki alipotaka kumtenga msichana mmoja na wenzake, yeye hakuruhusu atengwe.

Hiyo ndiyo kazi ya Jumuiya Ndogo Ndogo, ya WAWATA na ya halmashauri za parokia katika nchi hii ya dhahabu. Jumuiya imtambue mgeni aliyehamia kigangoni wiki hii, ijue jina lake na anapolala. Mwanamke akiumizwa, wawepo akina mama wawili wa kumsindikiza mapema hospitalini na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, wasimwache aende peke yake akakate tamaa mlangoni. Motoni au kisimani wakisikia kwamba binti wa darasa la saba ameshapokelewa ng'ombe, wamwone katekista, mwalimu, mtendaji wa kijiji; namba 116 ya kuwasaidia watoto haidai hata senti. Vikundi vya kuweka na kukopa viwafungulie mlango wanawake wahamiaji pia, ili mama asiyemjua mtu asilazimike kumtegemea mwenye duara kwa unga wa jioni. Na baba aliyejaliwa mabinti watupu akumbuke nyumba ya Amisi na Isude. Binti wa nne wa nyumba ile, aliyeonekana si wa kutosha kwa sababu hakuwa mvulana, ndiye ambaye Kanisa leo linamtaja altareni.

Jina lake la kuzaliwa lilionya kwamba mali hudanganya. Dhahabu ya Geita itakwisha siku moja, kama mgodi wa zamani ulivyofungwa mwaka 1966 na kuacha mashimo. Utu wa mwanamke mmoja anayeponda mawe kando ya shimo hilo hautakwisha, kwa kuwa ni mfano wa Mungu.

Ee Mwenyeheri Anuarite, uliyekuwa na hofu na hukuikana imani yako, utuombee. Uwaombee mabinti wa Shinyanga na wanawake wa machimbo ya Geita. Utuombee na sisi, tusiondoke tunapoamriwa kuwaacha.